Sura ya 7: Elfu Ishirini za Kila Mwezi

Mama mmoja wa mtaani kwetu anauza vitumbua. Anaamka saa tisa usiku, anasaga mchele aliouloweka tangu jioni, anachuja tui, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye baraza la duka la jirani, mkaa umekolea na chuma cha vitumbua kinatoa moshi. Mwaka jana mwanawe wa mwisho alilazwa siku nne. Mtaji ukakatika. Sijapata neno la kitaalamu linaloeleza jambo hilo vizuri kuliko hilo la watu wa sokoni: mtaji umekatika, kama kamba. Akaingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku ya Mungu, na miezi minne baadaye alikuwa bado anaamka saa tisa usiku kwa faida ya waliomkopesha.

Ndiye aliyeniuliza, huku akigeuza vitumbua kwa kijiti: "Kaka, hivi serikali ingempa kila mtu elfu ishirini tu kwa mwezi, bila masharti, ingepungukiwa nini?"

Swali hilo nimelisikia kwa dereva wa bodaboda, kwa mstaafu wa bandari, kwa wanafunzi wa chuo, kila mmoja na maneno yake. Nataka kulijibu bila kulikwepa, na niseme mapema ninaposimama. Naamini mama yule ana haki. Naamini pia kwamba wazo lake likipelekwa bungeni kesho asubuhi kama lilivyo, halitapita. Sura hii inahusu umbali uliopo kati ya haki hiyo na mlango wa bunge, na njia ambayo wengine wameipita.

Kima cha chini cha nani?

Wengi wakisikia "kima cha chini" hufikiria mshahara. Kima cha chini cha mshahara ni amri kwa mwajiri: usimlipe mfanyakazi wako chini ya kiasi hiki. Ni jambo jema, lakini mama wa vitumbua hana mwajiri. Hata mvuvi wa Nungwi hana, wala mkulima wa Namtumbo. Tunachozungumzia hapa ni kima cha chini cha kipato: ahadi ya serikali kwamba hakuna raia atakayeachwa aishi chini ya kiasi fulani cha fedha, awe na kazi au hana, mwaka uwe wa mvua au wa ukame.

Ahadi hiyo hutekelezwa kwa njia mbili, na watu huzichanganya sana.

Njia ya kwanza ni kujazia. Serikali inaweka kiwango, tuseme laki moja kwa mwezi. Ukipata elfu sitini, inakujazia arobaini. Ukipata laki na nusu, hupewi kitu. Njia ya pili ni kugawa sawa: kila mtu anapewa pesa, tajiri kwa maskini, kisha wenye nacho wanairudisha kupitia kodi.

Kujazia kunatumia fedha kidogo, lakini kunadai serikali ijue kila mtu anaingiza kiasi gani. Mahali ambapo mishahara mingi inapita benki, hilo linawezekana. Hapa kwetu mama wa vitumbua mwenyewe hajui mwezi huu ameingiza ngapi, maana faida ya asubuhi ndiyo mboga ya jioni. Atajaza fomu gani? Ukimuuliza afisa wa mtaa, atakisia. Na mahali penye kukisia, hapakosi upendeleo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1797 Thomas Paine, Mwingereza aliyeshiriki mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, aliandika kijitabu akidai kwamba ardhi ilikuwa ya watu wote kabla haijawekewa uzio, hivyo walioitwaa wanadaiwa na waliobaki bila. Alipendekeza kila kijana anayefika miaka 21 apewe pauni 15 za kuanzia maisha, na kila aliyefika miaka 50 apewe pauni 10 kwa mwaka hadi kufa kwake. Alisisitiza kuwa hilo ni deni linalolipwa, wala si sadaka. Wasomaji Waislamu hawatashangaa, maana zaka nayo hutajwa kuwa haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri.

"Utawafanya wavivu"

Hii ndiyo hoja ya kwanza utakayoipata popote, kuanzia kijiwe cha kahawa hadi kamati ya bunge. Kwetu ina mizizi mirefu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 kaulimbiu ilikuwa Uhuru na Kazi. Mwaka 2015 ikawa Hapa Kazi Tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu aliyelelewa na maneno hayo akisikia pesa ya kila mwezi bila masharti, anaona kama anatukanwa. Siwacheki watu hao. Wanatetea kitu cha thamani, yaani imani kwamba heshima ya mtu inatoka mikononi mwake.

Basi tuangalie kilichotokea pale ambapo pesa imetolewa kweli. Shirika la Kimarekani la GiveDirectly lilianza jaribio la malipo ya kila mwezi mwaka 2016 na kijiji kimoja magharibi mwa Kenya, kisha likalipanua hadi vijiji 295 vya Siaya na Bomet. Katika vijiji 44 kila mtu mzima aliahidiwa Ksh 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12, zikiingia kwenye simu yake. Vijiji vingine vilipewa kiasi hicho kwa miaka miwili tu, vingine vikapewa fungu moja kubwa kwa mkupuo, na vijiji 100 havikupewa kitu ili watafiti wapate pa kulinganishia. Miongoni mwa watafiti hao alikuwamo Abhijit Banerjee, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 hayakuonyesha uvivu. Watu hawakupunguza kazi kwa jumla. Walichofanya ni kuhama. Waliacha vibarua, yale mapalizi ya kulipwa kwa siku katika shamba la mwenzio, wakafungua biashara zao. Walioahidiwa miaka 12 walifanya vizuri kuliko waliopewa kiasi kilekile kwa miaka miwili, kwa kuwa mtu anayejua pesa itakuja mwakani anathubutu leo. Na wengi wa hao walifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Afrika Mashariki angelitabiri: waliingia kwenye chama, kikoba, upatu, ili vijisenti vya kila mwezi vigeuke fungu la kununulia ng'ombe au bati.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili la vibarua ndilo moyo wa siasa yote. Mtu akisema "watakuwa wavivu", mara nyingi anamaanisha "hawatakuja kulima kwangu kwa bei ile". Mwanamke mwenye uhakika wa kula wiki hii anaweza kukataa kulipwa elfu tatu kwa siku nzima ya jua kali. Msichana wa kazi za ndani anaweza kusema mshahara huo ni mdogo, narudi nyumbani. Kwangu mimi huo ni uhuru. Kwa mwenye shamba na mwenye nyumba ni hasara, na hao ndio wenye sauti ya kusikika bungeni.

Kuna hoja pacha, ya bei kupanda. Katika utafiti mwingine wa Siaya, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia bei katika masoko ya eneo zima. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1, kiasi ambacho hakuna mnunuzi angekigundua. Hata wale ambao hawakupewa walinufaika, kwa sababu waliopewa walinunua mbao, unga na kazi ya fundi kwao.

Lakini Homa Bay, kaunti ya jirani, ilitoa funzo ambalo hakuna jedwali lingeweza kulitoa. Shirika lilipofika huko mwaka 2015, karibu nusu ya kaya zilikataa pesa. Uvumi ulienea kuwa ni pesa za mashetani, kwamba mpokeaji angelipa baadaye kwa damu ya mwanawe. Mtu anaweza kuwaona washamba. Mimi naona watu ambao maisha yao yote hawajapewa kitu na wakubwa bila baadaye kudaiwa. Kutoamini kwao kulitokana na uzoefu.

*Kwa kifupi:* hofu ya uvivu na hofu ya bei hazikuthibitika pale zilipopimwa. Kinachobaki ni nani anapoteza kibarua wa bei rahisi, na nani anaiamini serikali.

Hesabu isiyotaka kukubali

Sasa tuichukue elfu ishirini ya mama wa vitumbua tuipigie hesabu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Nusu yao hivi ni watoto. Tuseme watu wazima ni milioni 30. Elfu ishirini mara milioni 30 ni shilingi bilioni 600 kwa mwezi, yaani trilioni 7.2 kwa mwaka. Bajeti ya serikali ya mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.39. Hivyo elfu ishirini hizo zingekula karibu shilingi 16 katika kila shilingi 100 za bajeti, kabla hujamlipa mwalimu, hujanunua dawa, hujalipa deni la taifa.

Na mpokeaji je? Elfu ishirini kwa mwezi ni chini ya shilingi 700 kwa siku. Haifiki bei ya kilo ya mchele. Huo ndio ugumu unaolisumbua wazo hili kila nchi: kiasi kinachowezekana hakitoshi kuishi, na kiasi kinachotosha kuishi hakiwezekani. Anayekuahidi vyote viwili hajapiga hesabu.

Lakini mhasibu anayeishia hapo ameacha kitu. Husema maskini wanataka "pesa za bure". Hebu tumfuate mama wa vitumbua dukani. Sabuni anayonunua ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anapotuma pesa kwa simu anakatwa. Kabla ya mwaka 2003 mumewe angetakiwa kulipa kodi ya maendeleo, na babu yake aliilipa kodi ya kichwa kwa mkoloni. Wakati ule dola ilimfikia kila mwanaume mzima, bila kompyuta wala simu, na haikumuuliza kama ana uwezo. Aliyeshindwa kulipa alikimbilia porini. Dola iliyoweza kuwafikia watu wote ili ichukue, haiwezi kutuambia leo, ikiwa na vitambulisho vya taifa na M-Pesa kila kona, kwamba imeshindwa kuwafikia ili itoe.

Yaliyompata Nixon

Tarehe 8 Agosti 1969 Rais Richard Nixon wa Marekani alitokea kwenye televisheni akapendekeza kila familia maskini yenye watoto ipewe kipato cha uhakika. Familia ya watu wanne ingepata dola 1,600 kwa mwaka, nyongeza ikipungua kadiri mapato yao yanavyopanda. Nixon hakuwa mjamaa. Lakini miaka saba kabla, mwanauchumi Milton Friedman, mtetezi mkubwa wa soko huria, alikuwa ameeleza "kodi hasi": kama mwenye kipato kikubwa anailipa serikali, mwenye kipato kidogo mno alipwe na serikali kwa mpango uleule. Na mwaka 1967 Martin Luther King naye alikuwa amedai kipato cha uhakika, kwa sababu tofauti kabisa. Wa kulia na wa kushoto walikuwa wamekutana.

Mswada ulipita Baraza la Wawakilishi Aprili 1970 kwa kura 243 dhidi ya 155. Ukaingia Kamati ya Fedha ya Seneti, na huko ukafa.

Waliouua walitoka pande mbili. Wanasiasa wa kusini waliona hatari ileile ya vibarua: familia Nyeusi zikiwa na uhakika wa kula, nani atachuma pamba na kufua kwa ujira wa njaa? Upande wa pili walikuwamo wanaharakati wa haki za akina mama maskini. Wao walitaka dola 5,500, na waliona 1,600 ni matusi, zikiambatana na masharti ya kazi yaliyowadhalilisha. Walikuwa sahihi kwamba kiasi hicho hakitoshi, na bado kura zao zilihesabiwa pamoja na za waliotaka sifuri.

Kila nikisoma habari hiyo huwa naumia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwa takriban miaka mitatu na haukufunguka tena. Lakini kuna kipande ambacho watu hukisahau. Mwaka 1972, mpango wa familia ulipozikwa rasmi, Bunge hilohilo lilipitisha kipato cha uhakika cha shirikisho kwa wazee, vipofu na wenye ulemavu wasio na uwezo. Malipo yalianza Januari 1974 na yanaendelea hadi leo. Ilikuwa ahadi ileile, kutoka hazina ileile. Tofauti ilikuwa mpokeaji: hakuna aliyeweza kusimama Seneti akamwita bibi kizee mvivu.

Mlango wa wazee

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila Mzanzibari mkazi aliyetimiza miaka 70 alipata TSh 20,000 kwa mwezi. Hakuulizwa kama aliwahi kuajiriwa, kama ana mtoto Muscat anayemtumia, kama nyumba yake ni ya mawe au ya makuti. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya serikali yenyewe, wala hazikutegemea mfadhili. Baadaye, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, zikapandishwa hadi 50,000.

Tazama hesabu. Waliostahili walipoanza hawakufika 30,000. Hata wangefika, elfu ishirini kwa kila mmoja ni shilingi bilioni 7.2 kwa mwaka. Kwa watu wazima wote wa Tanzania tulipata trilioni 7.2. Ni kiasi kilekile kwa kila mtu, kwa moja ya elfu ya gharama.

Gharama ndogo inasaidia, lakini sidhani ndiyo siri. Siri ni kwamba umri hauhitaji kuchunguza umaskini wa mtu. Sheha anajua nani katika shehia yake alikuwa kijana wakati wa Mapinduzi ya 1964. Mzee hatakiwi kuvaa kanga iliyochanika ili aonekane anastahili. Na kila mpiga kura, hata tajiri, ana mama, na yeye mwenyewe anaomba Mungu amfikishe sabini.

Nimeiona siku ya malipo, kisiwani, chini ya mwembe uliokuwa karibu na skuli. Bibi mmoja alihesabu noti zake mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akafungua fundo tena palepale: sukari robo, tambuu, daftari mbili za mjukuu. Mjukuu alikuwa amesimama nyuma yake tangu asubuhi, akijua. Ninachokumbuka zaidi ni jinsi bibi yule alivyosema na muuza duka. Hakuomba. Alinyoosha mkono kama mteja.

Linganisha na mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, uliofikia zaidi ya kaya milioni moja. Umewasaidia watu wengi na sitaki kuubeza. Lakini kuingia kwake kunapitia mkutano wa kijiji, ambapo majina yanatajwa mbele ya watu, kisha dodoso, kisha kompyuta inaamua. Nafasi ni chache kuliko wenye njaa. Kijiji ambacho watu 80 kati ya 100 wanafanana, ukichagua 30 unaacha kinyongo kwa 50. Walioachwa wanasema waliochaguliwa ni ndugu wa mwenyekiti, wakati mwingine kwa kweli, wakati mwingine kwa uchungu. Mpango wa aina hiyo una marafiki wachache siku bajeti inapokatwa, kwa sababu wengi wa kijijini waliuangalia kutoka nje.

Zanzibar haiko peke yake. Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 katika Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, mwaka 2018 ilianza kulipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi Ksh 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Uganda mwaka 2020 ilifikisha malipo ya Ush 25,000 nchi nzima, ingawa kwa wenye miaka 80 na kuendelea, umri ambao wengi hawaufiki. Afrika Kusini ilikuwa na pensheni ya wazee tangu 1928, Waafrika wakaingizwa 1944 kwa kiasi kidogo kuliko Wazungu, na viwango vikasawazishwa 1993. Juu ya msingi huo ikaja ruzuku ya mtoto mwaka 1998, na mwaka 2020, wakati wa Uviko, randi 350 kwa wasio na kipato. Ilitajwa kuwa ya muda. Kila serikali ilipojaribu kufikiria mwisho wake, ilikuta wapokeaji ni mamilioni, na wana kadi za kupigia kura.

Ahadi isiyolindwa huliwa

Kupata ahadi ni nusu ya safari. Iran, Desemba 2010, ilipandisha bei ya mafuta na mkate kwa kishindo na badala yake ikampa kila raia rial 455,000 kwa mwezi. Ilifanya jambo la busara: pesa ziliwekwa kwenye akaunti za familia wiki kadhaa kabla, watu wakaziona, ila hazikuweza kutolewa hadi siku bei zilipopanda. Hakukuwa na ghasia kubwa. Lakini kiasi kikabaki 455,000 mwaka baada ya mwaka huku mfumuko wa bei ukikimbia, mpaka pesa iliyokuwa ikijaza kapu ikawa ya nauli. Ksh 2,000 za wazee wa Kenya nazo zimekaa miaka mingi bila kusogea, na mara nyingi huchelewa miezi.

Alaska ilijifunga vizuri zaidi. Mwaka 1976 wapiga kura wake walibadili katiba ya jimbo ili sehemu ya mapato ya mafuta iwekwe kwenye mfuko wa kudumu. Kuanzia 1982 kila mkazi, hata mtoto mchanga, hupata gawio la mwaka, la kwanza likiwa dola 1,000. Gavana Bill Walker alipolikata karibu nusu mwaka 2016, alilipia kisiasa: mwaka 2018 alijitoa kwenye kinyang'anyiro, na aliyeshinda alikuwa ameahidi gawio kamili. Nikifikiria Alaska hukumbuka Mtwara mwaka 2013, watu walipoandamana kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Waliitwa wachochezi. Walichokuwa wakiuliza ni kile alichouliza Paine: kilichokuwa chini ya miguu yetu, gawio letu liko wapi?

Hivyo mwanasiasa akija na ahadi ya kipato cha uhakika, mwulize haya kabla hujapiga makofi:

- Ni ruzuku au mkopo? Hustler Fund ya Kenya na ile asilimia 10 ya halmashauri zetu ni mikopo. Mkopo una kazi yake, lakini haumlindi aliyekatikiwa mtaji.
- Iko kwenye sheria, au kwenye hotuba?
- Kiasi kitapanda bei zikipanda?
- Nani anaamua mpokeaji: umri, au mtu?
- Inatoka kwenye kodi yetu, au kwa mfadhili anayeweza kuondoka?

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani kupinga mswada wa fedha, na tarehe 26 Rais akautupa. Wapo waliosema Waafrika hawataki kodi. Sikubaliani. Hawataki kodi ambayo hawajawahi kuiona ikirudi. Serikali inayolipa wazee kwanza, kwa wakati, kwa miaka kadhaa, inajenga uaminifu ambao baadaye itautumia kuomba kodi ya hatua inayofuata: kushusha umri hadi 65, kisha 60, na upande wa pili kuanza na watoto chini ya miaka miwili. Ni mwendo wa pole, nakiri. Wenzangu wanaodai kila mtu apewe leo wananiambia nimekata tamaa mapema. Lakini nakumbuka dola 5,500.

Tanzania Bara mpaka sasa haina pensheni ya wazee wote. Niliporudi kwa mama wa vitumbua nikamweleza haya, kwa ufupi, kati ya mteja na mteja. Alisikiliza, akamwaga unga kwenye chuma, akasema: "Kwa hiyo mimi mwenye hamsini na mbili nisubiri."

Sikuwa na jibu zuri. Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Yuko Rufiji, ana miaka sabini na tatu, macho hayaoni vizuri. Kila mwisho wa mwezi anamtumia elfu ishirini, pamoja na ya kutolea. Mwezi ule mtoto alipolazwa hakutuma, na mwezi uliofuata alituma kwa pesa ya kausha damu, kwa sababu mzazi huwezi kumwambia subiri.

Alinyamaza, kijiti mkononi. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, elfu ishirini ni mchele kilo ngapi, nazi ngapi, siku ngapi za mtaji. Kitumbua kimoja kikaungua upande.